Maswali ya Wasomaji: Vigae vya Kilwa, Karatasi ya Mgomba na Sindano Inayotazama Kusini

Toleo hili tumelitenga kwa maswali yenu kuhusu uvumbuzi wa Wachina wa kale. Majina na miaka mnayasoma shuleni; mlichotuuliza ninyi ni namna kazi ilivyofanyika hasa. Basi tumejibu kwa vipimo, na kila malighafi inapopatikana Mtwara au Lindi tumeitaja.

Tukienda Kilwa Kisiwani tunaona vigae vya kijani na vingine vyeupe vyenye michoro ya buluu. Nitajuaje kama kigae ni cha China kweli? Na nikikiokota nikakaa nacho kuna ubaya? — Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kilwa Masoko

Tazama mvunjiko kwanza, rangi baadaye. Rangi inadanganya, maana wafinyanzi wa Uajemi na Iraki nao walipaka kijani na buluu, na vyombo vyao vilifika Kilwa. Kaure ya China ni nyeupe mpaka ndani, au ya kijivujivu kama chombo ni cha kijani. Imeshikana kama jiwe, huoni kitundu, na utando wa kioo wa juu umeungana na mwili hata hujui unaishia wapi. Chombo cha Uajemi kina mwili wa rangi ya krimu au manjano, laini, wa mchangamchanga, na utando wake hubanduka kama rangi ya ukuta uliopata unyevu. Tone la maji kwenye mvunjiko wa kaure hubaki juu. Kwenye kile kingine hunywewa mara moja.

Vingi vya vile vya kijani vilitoka Longquan, huko China, kati ya karne ya 13 na ya 15. Kijani chake ni chuma kidogo kilichomo kwenye utando, kikachomwa kwa moto ulionyimwa hewa. Hewa ikizidi tanurini, chombo kile kile hutoka cha manjano au hudhurungi. Buluu nayo ni madini ya kobalti, na katika karne ya 14 kobalti bora ilinunuliwa Uajemi. Kwa hiyo bakuli moja lililofika Kilwa huenda rangi yake ilikwisha kuvuka bahari kwenda China kabla bakuli lenyewe halijavuka kuja huku.

Kaure ina vitu viwili: udongo mweupe uitwao kaolini, jina lililotokana na kilima cha Gaoling karibu na mji wa Jingdezhen, na jiwe la unga linaloyeyuka mapema. Vikichomwa karibu nyuzi 1,300 za Selsiasi, jiwe linayeyuka na kujaza nafasi zote kati ya chembe za udongo. Jiwe likizidi, bakuli linalegea na kulala tanurini. Kaolini ikizidi, linabaki na vitundu. Mama zetu wanaochoma vyungu kwa kuni na nyasi mahali pa wazi hufikisha nyuzi 700 hadi 900 tu, na chungu hutoka kikiwa na vitundu vidogo sana. Tusiwaone wako nyuma. Ni vitundu hivyo vinavyoufanya mtungi upoze maji, kwa sababu maji hupenya kidogo kidogo na kukauka kwa nje. Bakuli la kaure halipozi maji hata ukilikalisha kivulini kutwa. Ulaya walihangaika na siri hii mpaka mwaka 1708, ndipo ikapatikana huko Ujerumani, na kiwanda cha Meissen kikafunguliwa 1710.

Kuhusu kuokota: usiokote. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda hata kipande. Kigae kikiwa mahali pake husaidia kutaja umri wa sakafu kilimolala. Kikiwa kabatini kwako hakisemi chochote. Chuchumaa, kitazame, kipige picha ukiwa umeweka rula pembeni, kiache. Ukikikuta shambani kwenu, andika mahali na kina cha shimo, kisha uwaarifu wasimamizi wa magofu.

Nimesoma kwamba Cai Lun alitengeneza karatasi kwa magome, matambara na nyavu chakavu. Sisi tuna migomba, na katani inapatikana. Tulijaribu mwaka jana ikatoka nene kama mkate. Nipeni utaratibu kamili. — Mwalimu wa sayansi, Nachingwea

Mwalimu, mkate huo una sababu mbili: nyuzi hazikupondwa vya kutosha, na maji yalikuwa machache. Karatasi ni nyuzi zilizoachanishwa moja moja, zikaelea majini, zikalala juu ya wavu zikiwa zimepishana kila upande. Zikikauka hushikana zenyewe bila gundi. Cai Lun, ofisa wa ikulu ya ufalme wa Han, alipeleka taarifa ya karatasi yake kwa mfalme mwaka 105. Vipo vipande vya karatasi vya zamani kuliko hivyo, vya karne ya 2 kabla ya Kristo, vilivyofukuliwa Fangmatan, huko China. Kubwa alilofanya yeye ni kuimarisha kazi yenyewe na kuonyesha kwamba vitu vya kutupa vinatosha.

Anzeni na mgomba, katani mwiachie baadaye. Chukueni maganda ya shina lililokwisha kukatwa mkungu, mkwangue nyama kwa upande butu wa kisu, mwanike. Mnahitaji kilo 1 ya nyuzi kavu. Zikateni vipande vya sentimita 2. Wengi huharibu hapa, maana nyuzi ndefu hujisokota kamba wakati wa kuponda na hazifunguki tena. Ziloweke usiku mmoja.

Asubuhi chemsheni kwa maji lita 15 yenye magadi gramu 200, moto wa wastani, saa 3 hadi 4. Kama magadi ni ya mawe na yana uchafu, wekeni gramu 300. Msitumie sufuria la alumini: magadi hula alumini, rojo linakuwa jeusi na sufuria linaharibika. Pipa la chuma lililokatwa linafaa. Mchochezi awe mtu mzima, na maji hayo yakimrukia mtu jichoni aoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Ili kujua kama zimeiva, shika uzi mmoja kwa vidole viwili viwili uuvute. Ukiachana bila kukaza, zimeiva. Ukikatika kwa kishindo, rudisha motoni nusu saa. Kisha suuzeni mpaka maji yasiteleze vidoleni.

Pondeni kinuni, ngumi mbili za nyuzi kwa mara moja, na maji kidogo zisiruke. Hesabuni saa moja na zaidi kwa kila fungu. Hapa ndipo wanafunzi wenye nguvu wanapopokezana mchi. Pimeni kwa chupa ya kioo: tia bonge dogo la rojo, jaza maji, tikisa. Mkiona mawingu yanaelea sawasawa, tosha. Mkiona vijifundo vinazama, endeleeni.

Chombo cha kuzamishia kiwe besheni la lita 40, nalo litiwe rojo la gramu 200 tu za nyuzi, yaani sehemu ya tano ya mlizoanza nazo. Linaonekana kama maziwa yaliyotiwa maji mengi, na kila mtu atawaambia ni hafifu mno. Mwacheni aseme. Sasa tieni jambo ambalo vitabu vingi vya shule havilitaji: ute. Wachina walitia utomvu wa mimea ili nyuzi zisizame haraka na karatasi mbichi zisigandane. Mmoja wa mimea hiyo ni ndugu wa karibu wa bamia, na bamia zetu zinafanya kazi hiyo. Kateni bamia 10, ziloweke katika lita 2 za maji baridi usiku kucha, chujeni kwa kitambaa, mtie nusu lita ya ute besheni. Kwa joto letu ute huo hupoteza nguvu ndani ya siku moja. Ukiwa mwepesi kama maji, mwageni, loweka nyingine.

Fremu ni mbili za ukubwa mmoja, ndani sentimita 21 kwa 30. Moja iwambwe wavu wa plastiki wa madirishani, ukazwe usilegee hata kidogo, kwa sababu wavu ukilegea karatasi inakuwa nene katikati. Ya pili haina kitu, inakaa juu kuzuia rojo lisimwagike. Koroga, zamisha fremu ikiwa imesimama, ilaze ndani ya maji, inua ikiwa bapa. Itikise kidogo kulia na kushoto, kisha mbele na nyuma, wakati maji yanashuka. Maji yakishaisha juu ya wavu usitikise tena, utapasua. Ondoa fremu ya juu, geuza ya wavu juu ya kitambaa chenye maji, kandamiza ukingo mmoja na kuinua kuanzia ukingo huo. Wachina walilaza karatasi moja juu ya nyingine bila kitambaa kwa msaada wa ute. Ninyi mwanze na kitambaa kati ya kila moja mpaka mikono izoee.

Rundo likifika karatasi 20, liwekeni kati ya mbao mbili. Uzito uanze mdogo, tofali moja, na baada ya nusu saa ndipo mweke mfuko wa saruji wa kilo 50. Uzito mkubwa ukishuka ghafla, maji hutoka kwa nguvu na kupasua karatasi pembeni. Kesho yake zibandueni, mzibandike kwa brashi laini kwenye ukuta uliopigwa lipu nyororo au kwenye kioo, kivulini. Jua kali hukausha kingo kabla ya katikati, karatasi inajikunja kama jani.

Kabla ya kuandikia kwa wino, pakeni uji mwepesi wa wanga wa muhogo, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 1, uliochemshwa mpaka ukawa kama maji ya mchele. Bila wanga wino husambaa. Ila wanga huita mende, kwa hiyo hifadhini kwenye ndoo yenye mfuniko.

Kwa kilo 1 mtapata karatasi kama 60 na siku tatu za kazi. Tatizo la karatasi za shule halitaisha kwa hilo, na ni haki mlijue mapema. Zitawafaa kwa ramani, vyeti na majalada. Katani, kwa ajili ya majalada, inahitaji saa 6 za kuchemshwa na maji ya magadi yabadilishwe katikati. Ina jasho jingi, lakini jalada lake halichaniki.

Jina lenyewe la karatasi tulilipokea kwa Waarabu, *qirtas*. Ufundi huu ulifika Samarkand katika karne ya 8, ukaingia Baghdad kabla ya karne hiyo kwisha, ukaendelea hadi Hispania na Italia. Hata *rimu* ya dukani asili yake ni neno la Kiarabu *rizma*, yaani furushi.

Nasikia toroli nalo ni la Wachina. Lao lina tofauti gani na letu la kubebea mifuko? — Msomaji, Ruangwa

Tofauti ni mahali pa gurudumu. Toroli letu lina gurudumu mbele na mzigo katikati, hivyo mikono hubeba sehemu ya uzito. Chukua mzigo wa kilo 100 uliokaa sentimita 40 nyuma ya ekseli, na mikono sentimita 140 nyuma yake: zidisha 100 kwa 40, gawa kwa 140, mikono inainua kilo 29 hivi. Toroli la Kichina lina gurudumu kubwa katikati kabisa, mzigo umekaa juu yake na ubavuni, kwa hiyo mikono inaongoza tu na kuzuia lisipinduke. Hasara yake ni kwamba mzigo uko juu na gurudumu ni moja. Upande mmoja ukizidi kilo chache, njia ya mchanga italiangusha.

Dira ilivumbuliwaje, na ninaweza kutengeneza yangu kwa sindano? Kwa nini Wachina wanasema inaonyesha kusini na sisi tunasema kaskazini? — Mvuvi kijana, Sudi

Sindano ina ncha mbili, moja kaskazini na nyingine kusini. Wachina walichagua kuisoma ile ya kusini, na hata jina lao la dira maana yake ni sindano inayoonyesha kusini. Kitabu cha kijeshi cha mwaka 1044 kinaeleza samaki wa bati la chuma: anachomwa mpaka awe mwekundu, mkia unaelekezwa kaskazini, kisha anatumbukizwa majini. Chuma chekundu hakina sumaku kabisa. Kikipoa kimetulia katika mwelekeo mmoja, kinachukua sumaku ya dunia. Mwaka 1088 mwanachuoni Shen Kuo aliandika kwamba njia bora ni kuining'iniza sindano kwa uzi mmoja wa hariri, uliobandikwa katikati kwa chembe ya nta, mahali pasipo na upepo. Akaongeza kwamba haionyeshi kusini kamili, hukengeuka kidogo. Mwaka 1119 mwandishi Zhu Yu akaandika juu ya manahodha: usiku hutazama nyota, mchana jua, na kukiwa na giza la mawingu hutazama sindano.

Yako itengeneze hivi. Chukua sindano ya kushonea na sumaku ya spika mbovu. Sugua kutoka tundu kwenda ncha, upande mmoja tu, mara 40. Kila ukifika mwisho inua mkono juu na kurudi kwa mbali. Ukisugua kwenda na kurudi unaifuta kazi yako mwenyewe. Kata kipande cha ndala chakavu, chembamba, ukubwa wa shilingi, pitisha sindano katikati ikae bapa, kielee ndani ya bakuli la plastiki. Sufuria la chuma halifai, na bakuli likae mbali na injini, nanga, simu na redio, angalau mita moja na nusu.

Kujua ncha ipi ni ipi, simama asubuhi ukitazama jua linapochomoza: mkono wa kushoto ni kaskazini, wa kulia kusini. Jua huchomoza mashariki kamili mwezi Machi na Septemba tu. Desemba huwa limesogea kusini kwa nyuzi zaidi ya 23, Juni vivyo hivyo upande wa kaskazini. Utaona pia ncha ya kusini inadidimia. Hujakosea: huku kwetu nguvu ya sumaku ya dunia huvuta ncha hiyo chini. Tia tone la nta upande wa kaskazini mpaka ilale sawa. Dira ya dukani iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya hukwaruza kioo kwa sababu hiyo hiyo, basi ijaribu kabla hujalipa. Mwisho, pwani yetu sindano hukaa magharibi kidogo ya kaskazini halisi. Kiasi chake kimeandikwa kwenye ramani ya bahari, pamoja na mwaka wa kipimo, maana hubadilika.

Dira ya bakuli ni ya kujifunzia. Mawimbi ya kusi yataimwaga kabla hujatoka ghubani. Usiikabidhi roho yako.

Nimeambiwa merikebu za Kichina zilikuwa na vyumba visivyopitisha maji. Jahazi linaweza kutiwa? — Fundi wa vyombo, Kilwa Kivinje

Fundi, linaweza, lakini pana cha kupoteza. Merikebu iliyofukuliwa Quanzhou, huko China, mwaka 1974, iliyozama katika miaka ya 1270, ilikuwa na viambaza 12 vya mbao vilivyokata ngama, yaani tumbo la chombo, vyumba 13. Ikigonga mwamba, maji hujaza chumba kimoja, chombo kinaelea. Viambaza hivyo vilisaidia pia kuushika ubavu usipoteze umbo. Kwenye chombo chenu mataruma, zile mbavu za mbao, ndiyo yanayobeba kazi hiyo, kwa hiyo msiyapunguze kwa kuwa mmeweka viambaza.

Kwa chombo cha mita 10 viwili vinatosha: kimoja mita moja na nusu nyuma ya gubeti, yaani pua ya chombo, kingine mbele ya injini. Mbao ziwe na unene wa milimita 30, ziegemee taruma zima, zipigwe kalafati pande zote mbili. Kila kiambaza kiwe na tundu la sentimita 2 au 3 juu ya mkuku, na kizibo cha mbao kilichofungwa kamba jirani. Siku zote tundu liwe wazi ili maji yakusanyike mahali pamoja pa kuyatolea. Chombo kikigonga, zibeni. Ile ya Quanzhou nayo ilikuwa na matundu ya namna hiyo. Makosa tunayoonya ni mawili. Tundu likizibwa moja kwa moja, maji ya mvua hutuama na kuozesha mbao kwa ndani, na maji ya mvua huozesha kuliko ya chumvi. Kiambaza kisipofika juu, maji yanamwagikia chumba cha pili na mmepoteza mbao bure. Na ukibeba boriti ndefu, viambaza vitakukatalia. Hilo ndilo utakalolipima mwenyewe.

Umeuliza pia walichozibia. Walichanganya chokaa, nyuzi za katani ya Kichina na mafuta ya mbegu za mti uitwao tungi. Hapo utaiona deheni yetu ya kupaka vyombo: chokaa na mafuta hufanya sabuni ngumu isiyoyeyuka majini. Tofauti ni kwamba mafuta ya tungi hushika hewa na kukauka kama rangi, ilhali shahamu na sifa, yale mafuta ya papa, hubaki laini, na kwa sababu hiyo deheni hupakwa upya kila mara. Mafuta ya kitani ya duka la rangi nayo hukauka. Chekecha chokaa kavu, tia mafuta kidogo kidogo, twanga mpaka donge lisishike mkononi, changanya na pamba iliyochambuliwa, jaza mshono uliokauka. Mshono wenye unyevu haushiki.

Naomba vipimo vya baruti ya Kichina. — Kijana, Lindi

Vipimo hatutoi, ndugu, na sababu unaijua: mwamba wa matumbawe ukipigwa baruti leo, mjukuu wako ndiye atakayeuona umepona, kama atabahatika. Historia tunakupa. Vipimo vya kwanza kuandikwa vimo katika kile kitabu cha 1044, na kabla yake walioshughulika na unga huo walikuwa waganga wakitafuta dawa ya kutokufa. Kiungo chake kikuu ni shura, chumvi nyeupe ya udongoni, na Waarabu waliiita theluji ya China. *Barud* lilikuwa jina la chumvi hiyo kabla halijawa jina la unga wote, nasi tukapata *baruti*.

Tunabangua korosho kwa mikono na mafuta ya ganda yanatuchuna ngozi. Nimesikia Wachina wana utomvu kama huo, wao wanaupaka kwenye vyombo. Ni kweli? — Mama wa kikundi, Tandahimba

Ni kweli kabisa, mama, na ni undugu wa damu. Mti wa laka, mkorosho na mwembe ni jamii moja. Utomvu wa laka una kemikali iliyo karibu sana na ile ya mafuta ya ganda la korosho. Ndiyo maana mkata laka wa China naye hutoka malengelenge, na utomvu wa embe huwababua midomo baadhi ya watu.

Laka ni kazi ya zamani kuliko karatasi: bakuli jekundu lililofukuliwa Hemudu, huko China, lina miaka kama 7,000. Utomvu unagemwa kwa kuchanja gome, unachujwa, unapakwa mwembamba. Jambo la ajabu ni ukaukaji wake. Rangi ya kawaida hutaka hewa kavu. Laka hutaka unyevu, asilimia 70 hadi 85, na joto la nyuzi 20 hadi 30, kwa sababu ndani yake mna kimeng'enya kinachoigandisha, nacho hufanya kazi penye unyevu. Wachina hukiweka chombo kabatini mwenye matambara yaliyoloweshwa. Ukipaka nene, ngozi ya juu hukaza kabla ya ndani na kukunjamana, hivyo hupaka tabaka, kusugua, kupaka tena. Kazi za kuchongwa zina tabaka 100 na zaidi.

Mafuta ya korosho hayana kimeng'enya hicho, basi hayakauki yenyewe. Viwandani hupikwa na dawa nyingine ndipo yakawa rangi ngumu. Wajapani wana rangi ya korosho wanayopaka badala ya laka. Nyumbani msijaribu kuyapika, moshi wake huumiza macho na mapafu. Mnaloweza ni kupaka sehemu ya nguzo inayofukiwa ardhini, kuzuia mchwa, mkiwa na glavu za mpira. Nguzo iwe imekauka vizuri, mpake mara mbili, siku tatu kati ya moja na nyingine. Chombo cha chakula msipake kamwe.

Na mikono: kabla ya kubangua pakeni mafuta ya nyonyo au ya alizeti, mrudie kila saa moja. Mafuta ya ganda yakimwagika, futeni kwanza kwa majivu makavu, ndipo mwoshe kwa sabuni. Ukianza na maji unayasambaza.

Rafiki yangu ananibishia kwamba Wachina walipikia chumvi kwa gesi zamani, kabla ya hii yetu ya Mnazi Bay. Kweli? — Msomaji, Mtwara mjini

Mpe ushindi wake. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na ya Mnazi Bay 1982. Huko Sichuan, jimbo la China, visima vya moto vya kupikia chumvi vinatajwa katika maandishi ya karne ya 4. Sichuan iko mbali na bahari, nayo ina mawingu mengi, hivyo chumvi haianikwi juani kama huku. Maji ya chumvi yako chini ya mwamba, na gesi hutoka pamoja nayo.

Tangu karne ya 11 walichimba visima vyenye mdomo mdogo kama bakuli. Patasi nzito ya chuma ilining'inizwa kwa kamba ya mianzi kwenye ncha ya boriti, watu wakawa wanarukia ncha ya pili na kushuka: patasi inainuka, inaanguka, inavunja mwamba. Kila pigo kamba ilizungushwa kidogo ili shimo liwe duara. Vumbi la mwamba lilitolewa kwa mwanzi mtupu wenye kifuniko cha ngozi chini, unaofunguka ukishuka na kujifunga ukipanda. Kisima cha Shenhai, mjini Zigong, kilifika mita 1,001 mwaka 1835 baada ya miaka kama 13. Gawa mwenyewe: ni sentimita 21 kwa siku. Patasi ikikatika ndani, palikuwa na ndoana maalumu za kuivua, na kazi hiyo iliweza kula miezi. Gesi ilipita katika mabomba ya mianzi, viungo vyake vikizibwa kwa chokaa na yale yale mafuta ya tungi, hadi chini ya masufuria.

Kuna hatua moja ya Sichuan ambayo wavuna chumvi wa mabwawa yetu wanaweza kuitumia ikiwa chumvi imeshika udongo. Yeyusha kilo 3 katika lita 9 za maji, acha itulie usiku, chota maji ya juu bila kukoroga tope. Yakianza kuchemka mimina kikombe kimoja cha maziwa ya soya. Yataganda, yatanasa uchafu na kupanda juu kama povu la kijivu. Liondoe lote kwa kijiko chenye matundu. Endelea kuchemsha mpaka chumvi ishuke chini, lakini usikaushe kabisa. Maji machache ya mwisho ndiyo yenye uchungu na ndiyo yanayoifanya chumvi ilowe ovyo, kwa hiyo yachuje, kisha anika chumvi juani na kuitia madini joto kabla ya kuliwa. Yale maji machungu Wachina hawayamwagi: huyatumia kugandisha maziwa ya soya yakawa tofu.